Lugha ya Kumbukumbu katika Mashauri ya Kuachishwa Kazi Tanzania Bara, 2004–2021

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilimtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha mambo mawili: sababu halali ya kumwachisha mfanyakazi kazi na utaratibu wa haki. Kanuni za utendaji bora za 2007 ziliufungamanisha utaratibu huo na lugha: mtuhumiwa aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, naye apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48.

Hata hivyo, mbele ya mwamuzi, ushahidi uliotolewa kwa Kiswahili mara nyingi uliandikwa kwa Kiingereza. Mwamuzi akawa pia mkalimani, na Mahakama Kuu, ilipoombwa marejeo, ikasoma tafsiri badala ya kauli. Tofauti ya “nilikataa” na “nilishindwa” yaweza kuamua hatima ya ajira ya mtu.

Sheria Na. 1 ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na mabaraza ya kutoa haki. Hivyo, haki ya kuelewa tuhuma ilitangulia kwa miaka 14 msingi wa kisheria wa kunukuliwa kwa lugha iliyosemwa. Nchi jirani zinazotunga sera ya Kiswahili zianzie hapo: kwenye kumbukumbu ya shauri.