Mnara wa Charlottenburg

Ukiitafuta Charlottenburg kwenye ramani ya leo, utaikuta magharibi mwa Berlin, mtaa miongoni mwa mitaa. Lakini mtaa huu una ukumbi wa manispaa wenye mnara wa karibu mita 90, ilhali ule wa ukumbi wa jiji la Berlin unaishia mita 74. Mtaa haujengi mnara kuupita wa jiji lake. Waliousimamisha walikuwa na mji wao.

Charlottenburg ilipewa hadhi ya mji mwaka 1705 na Mfalme Friedrich wa Kwanza wa Prussia, kwa jina la marehemu mkewe, Sophie Charlotte. Kwa muda mrefu ilikuwa mji mdogo kando ya kasri. Berlin ilipojaa viwanda katika karne ya 19, wenye fedha walihamia magharibi. Mji ukafikisha wakazi zaidi ya 300,000, ukapata chuo kikuu cha ufundi, ukumbi huo mwaka 1905, na jumba lake la opera mwaka 1912.

Mimi nikiutazama mnara huo naona hesabu ya kodi. Kila mji ulikusanya kodi ya wakazi wake na kuitumia kwao. Tajiri aliyevuna faida Berlin aliweza kulala Charlottenburg na kulipa huko. Miji ya wafanyakazi kama Neukölln na Lichtenberg ilibaki na watoto wengi wa kusomesha na mfuko mwepesi.

Muungano ulijadiliwa kwa miongo, na miji tajiri ikaukwepa. Katika chaguzi za Prussia, uzito wa kura ulipimwa kwa kodi ya mpiga kura. Mapinduzi ya Novemba 1918 yakaufuta utaratibu huo, na wanawake nao wakapata kura. Tarehe 27 Aprili 1920, bunge la Prussia likapitisha sheria ya Berlin Kubwa kwa tofauti isiyofika kura 20. Kuanzia tarehe 1 Oktoba, Berlin iliunganishwa na miji 7, jumuiya za vijijini 59 na maeneo ya mashamba makubwa 27. Wakazi wakaongezeka kutoka milioni 1.9 hadi milioni 3.8.

Charlottenburg ikawa wilaya. Mwaka 2001 ikaunganishwa tena, safari hii na Wilmersdorf. Waliopinga mwaka 1920 walihofu kwamba maamuzi yangehamia mbali nao. Hoja hiyo siipuuzi: mtu hupenda kumjua anayeamua barabara yake itengenezwe lini. Lakini kabla sijahesabiwa upande wao, ningetaka kwanza kujua darasani Neukölln watoto walibanana wangapi, wakati Charlottenburg ikiongeza mita za mnara.