Dhamana ya Tabibu: Kutoka Mtihani wa Baghdad hata Mahakama ya Leo

Katika mwaka wa 931, ambao ni 319 wa Hijria, habari ilimfikia Khalifa al-Muqtadir mjini Baghdad kwamba mtu mmoja katika raia amekufa kwa kosa la tabibu. Khalifa alimwamuru muhtasibu, yaani msimamizi wa masoko na mizani, awazuie matabibu wote wasifanye kazi ila yule atakayepimwa na Sinan bin Thabit bin Qurra na kupewa hati yake. Ibn al-Qifti na Ibn Abi Usaybia, waliokusanya tarikh za matabibu katika karne ya 13, wameandika kwamba waliopimwa katika pande mbili za mji walizidi 860, mbali na wale ambao sifa zao zilitosha kuwaepusha na mtihani na wale waliokuwa katika utumishi wa dola. Yamkini hesabu hiyo imetiwa chumvi kidogo. Hata hivyo, amri yenyewe ina uzito wake katika historia ya sheria: kosa lilikuwa la mmoja, na sharti likawashika wote.

Sinan mwenyewe alikuwa Msabii wa ukoo wa Harran, na hakusilimu ila baadaye, katika enzi ya al-Qahir. Kwa hiyo matabibu wa mji mkuu wa Uislamu, Waislamu na Wakristo na wengineo, walipimwa na mtu asiyekuwa wa dini ya mtawala. Kilichotakiwa kwake kilikuwa ni elimu.

Katika habari za mtihani huo kuna kisa ambacho aghalabu husimuliwa kwa kuchekesha. Mzee mmoja mwenye mavazi mazuri na haiba kubwa aliingia barazani, na Sinan akamheshimu akidhani ni bingwa. Wengine walipokwisha, alimwomba mzee ataje mwalimu wake na kumfaidisha kwa neno. Mzee akatoa katika mkono wa kanzu karatasi yenye dinari, akaiweka mbele yake, akakiri kwamba hajui vema kusoma wala kuandika, lakini ana watu wa kuwalisha na riziki yake ni kazi hiyo, akaomba asikatiwe. Sinan alicheka, akamwachia kwa sharti: asimwingilie mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asishauri kutoa damu wala dawa ya kuharisha ila katika maradhi mepesi. Mzee akajibu kwamba ndiyo desturi yake ya maisha yote, hajapata kupita siki iliyochanganywa na asali na sharubati ya maji ya waridi. Kesho yake akaja kijana nadhifu. Alipoulizwa mwalimu wake alisema ni baba yake, na baba yake alikuwa ndiye yule mzee wa jana. Sinan akamwachia naye kwa sharti lile lile.

Wako wanaokiona kisa hiki kuwa ushahidi kwamba mtihani ulikuwa mzaha. Hukumu hiyo ni ya haraka. Sinan hakumpa mzee uhuru wa tabibu, alimpa mpaka. Asali na siki haviui, na mtu ajuaye pa kukoma ana hatari ndogo kuliko msomi asiyejua. Sharti lile lilibeba kwa maneno machache kanuni ambayo mafakihi walikuwa wameishughulikia kabla yake na waliendelea kuipanua baada yake: dhamana huanza pale mtu anapovuka ujuzi wake.

Msingi wao ulikuwa hadithi iliyomo katika mikusanyo ya Abu Daud, an-Nasai na Ibn Majah, ambayo humtia dhamanani atibuye watu hali hajulikani kwa utabibu. Juu ya msingi huo Ibn Qayyim al-Jawziyya, aliyefariki mwaka wa 1350, aliwagawa matabibu mafungu matano. Stadi aliyepewa idhini, akatimiza haki ya kazi na mkono wake usikose, hana dhamana hata mgonjwa akifa. Mjinga aliyemdanganya mgonjwa ana dhamana. Lakini mgonjwa akijua ujinga wake naye akamridhia, dhamana huondoka. Stadi aliyeteleza mkono, mfano wa mpasha tohara aliyevuka mahali pake, ana dhamana ya kosa. Stadi aliyepasua bila ya idhini ana mashaka yake, na Ibn Qayyim aliongeza mjadala wake mwenyewe hapo. Fungu lenye kuvutia zaidi ni la tabibu stadi aliyefikiri kwa bidii, akaagiza dawa, akakosea katika fikira. Huyu hakulegea wala hakudanganya, na mgonjwa amekufa. Nani alipe? Kauli moja husema diya yake italipwa na Hazina ya Waislamu, na ya pili husema italipwa na jamaa za tabibu wa upande wa baba. Kauli ya kwanza yastahili kuangaliwa sana, kwa kuwa yakubali kwamba mgonjwa ana haki hata pale ambapo tabibu hana lawama.

Mwambao wa Afrika ya Mashariki ulipokea elimu hii kwa njia ya madhehebu ya Shafii. Katika Minhaj at-Talibin cha Imam an-Nawawi, kitabu kilichosomwa sana na wanazuoni wa Unguja na Lamu, imo hukumu kwamba mwenye kuumika au kutoa damu kwa idhini hana dhamana. Wafafanuzi walitoa sababu ya akili: kama si hivyo, hakuna ambaye angekubali kuifanya kazi hiyo. Hukumu hii haikuwa ya vitabuni tu. Mwumishi mwenye chuku zake na ngariba mwenye kisu chake walikuwa watu wa kila mtaa.

Hapa lugha yenyewe yasaidia. Neno dhamana limetoka katika Kiarabu, ambako kwa mafakihi maana yake ni wajibu wa kulipa kilichoharibika. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili limeelekea zaidi kwenye rehani, udhamini na kumtoa mshitakiwa mahabusi. Nafasi iliyoachwa imeshikwa na neno uzembe, ambalo kwa asili ni sifa ya mvivu, mtu alegeaye. Hasara ya badiliko hili si ndogo. Dhamana hutaja deni. Uzembe hutaja tabia. Muuguzi aliyekesha zamu mbili, akakosea kipimo cha dawa kwa uchovu, aweza kuwa na hatia mbele ya sheria, lakini kumwita mzembe ni kuisema lugha uwongo. Wafunzi wa sheria ya utabibu kwa Kiswahili hukutana na tatizo hili tangu somo la kwanza.

Sheria ya Kiingereza, iliyopokewa Kenya kwa mpaka wa tarehe 12 Agosti 1897 na Tanganyika kwa mpaka wa tarehe 22 Julai 1920, ilikuja na swali lake: je, tabibu alitumia uangalifu upasao? Jibu mashuhuri lilitolewa London mwaka wa 1957 katika kesi ya Bolam. Mgonjwa wa akili alitibiwa kwa umeme mwaka wa 1954 bila ya dawa ya kulegeza misuli, na mifupa ya nyonga ikavunjika. Jaji McNair aliwaelekeza wazee wa baraza kwamba tabibu hana hatia akifuata desturi inayokubaliwa na kundi la matabibu wenye ujuzi wa kazi hiyo, ingawa wengine wanaipinga. Na hospitali ikashinda. Mwaka wa 1997, katika kesi ya Bolitho, mabwana wa sheria walisema rai ya matabibu lazima isimame mbele ya akili. Mwaka wa 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Montgomery, ya mama mwenye kisukari ambaye hakuambiwa hatari, baina ya asilimia 9 na 10, ya mabega ya mtoto kukwama katika uzazi. Mahakama ilisema mgonjwa ana haki ya kuelezwa hatari ambazo mtu wa kawaida aliye katika hali yake angezipa uzito. Yaani idhini isiyo na maarifa haitoshi.

Si lazima kudai kwamba majaji hao walikopa Baghdad. Lakini swali la nani amhukumu tabibu lilikuwa limekwisha kujibiwa kwa namna ya ajabu katika Sham ya karne ya 12. Ash-Shayzari aliandika kitabu cha kuwafundisha wahtasibu, watu wasiokuwa matabibu, namna ya kuwasimamia matabibu. Mwunga mifupa apimwe kama ajua idadi ya mifupa ya binadamu, ambayo kwa elimu ya wakati ule ilikuwa 248. Tabibu wa macho apimwe kwa makala kumi za Hunayn. Wote walishwe kiapo cha Hippocrates. Kisha akaeleza utaratibu ambao aliwanasibisha nao Wayunani. Tabibu amwulize mgonjwa, aandike dawa, na nakala awape jamaa wa mgonjwa mbele ya mashahidi. Kesho arudi, atazame, aandike tena, na hivyo hivyo kila siku. Mgonjwa akipona, tabibu achukue ujira wake. Akifa, jamaa wazipeleke nakala kwa mkuu wa matabibu. Akiona kazi ilikwenda kwa kanuni, awaambie hivyo. Akiona upungufu, awaambie wadai diya ya ndugu yao kwa tabibu.

Mkuu wa matabibu anafanana na kundi la Bolam: tabibu ahukumiwa na tabibu, na kasoro yake ni ile ile. Tofauti iko katika karatasi. Katika hospitali za leo jalada la mgonjwa hukaa kwa mwenye kushitakiwa, na mfiwa hulipata kwa kuliomba, wakati mwingine kwa amri ya mahakama, baada ya miezi. Katika utaratibu wa ash-Shayzari mfiwa alikuwa nalo mkononi tangu siku ya kwanza ya ugonjwa.