Ghala la Silaha na Nyumba ya Miungu: Kuyasoma Makumbusho ya Taifa ya Nepali

Makumbusho ya Taifa ya Nepali yapo Chhauni, magharibi mwa Kathmandu, karibu na kilima chenye stupa (kuba takatifu la Kibudha) ya Swayambhu. Yalianzishwa mwaka 1928 yakiitwa Silkhana, yaani ghala la silaha. Umma uliruhusiwa kuingia mwaka 1938, zama za Waziri Mkuu Juddha Shamsher Rana, na jina la sasa likaja mwaka 1967. Mgeni huyaendea akitarajia kuiona Himalaya. Anachokutana nacho kwanza ni dola ikijieleza.

Jengo kongwe, linalonasibishwa na Bhimsen Thapa, kiongozi wa mwanzoni mwa karne ya 19, lathibitisha hilo. Mle mna mizinga ya ngozi iliyotekwa vitani dhidi ya Tibet, na upanga ambao Napoleon III alimtunuku Jang Bahadur Rana, mtu aliyetwaa madaraka mwaka 1846 na kuanzisha utawala wa ukoo uliodumu hadi 1951. Idara ya viumbe imebanwa humohumo, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Wanyama waliokaushwa na mifupa ya nyangumi (katika nchi isiyo na pwani!) vinafanana zaidi na hazina ya mwindaji wa kifalme kuliko elimu ya milima. Ni hasara, kwa kuwa Nepali hupanda kutoka sehemu za chini kabisa za nyanda za Terai, zisizofika mita 100 juu ya usawa wa bahari, hadi mita 8,848.86 za Everest, katika upana wa nchi usiozidi sana kilomita 200. Ngazi hiyo, kuanzia kwa kifaru wa pembe moja hadi kwa chui wa theluji, ingetosha kuwa maonyesho kamili.

Utajiri halisi umo katika majengo ya sanaa. Sanamu ya mawe ya mfalme anayetambuliwa kuwa Jayavarman, iliyofukuliwa Maligaon mwaka 1992, ina maandishi ya mwaka 185 BK. Ni miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa maandishi katika Bonde la Kathmandu. Jengo la sanaa ya Kibudha, lililojengwa kwa msaada wa Japani, limegawanywa kijiografia: Terai, Bonde, na Himalaya ya kaskazini. Mgawanyo huo ni wa busara, maana unafuata njia ambazo imani na ufundi vilisafiria.

Sanamu za shaba za mafundi wa Kinewari, wenyeji wa Bonde hilo, zinahitaji kutazamwa kwa karibu. Fundi huunda umbo kwa nta, hulifunika kwa matabaka ya udongo, kisha huuchoma. Nta huyeyuka ikatoka, na shaba ya moto humiminwa katika uwazi uliobaki. Kwa kuwa udongo huvunjwa, kalibu moja huzaa sanamu moja tu. Shaba ya Nepali huwa karibu safi, na ndiyo sababu hupokea dhahabu vizuri: dhahabu iliyochanganywa na zebaki hupakwa, moto huifukuza zebaki, dhahabu ikabaki imeshika. Mvuke wa zebaki ni sumu, na fundi ndiye aliyeulipia urembo huo. Umahiri huu ndio uliompeleka fundi Arniko Tibet katika karne ya 13, kisha kwenye ikulu ya Kublai Khan, alikosimamia ujenzi wa stupa nyeupe ya Beijing.

Hata hivyo, kuziita kazi hizi sanaa tu ni kusema nusu ya ukweli. Nyingi zilitengenezwa ziogeshwe, zipakwe rangi nyekundu na kulishwa sadaka. Kabati la kioo huzilinda dhidi ya mwizi, lakini huzitenga na waumini. Swali la mahali panapozistahili lilipata uzito baada ya wizi mkubwa wa sanamu katika miongo ya mwisho ya karne ya 20. Ile ya miungu Lakshmi-Narayana, iliyoibwa mjini Patan mwaka 1984 na kuonekana baadaye katika makumbusho ya Dallas, ilirejeshwa Nepali mwaka 2021, na mwaka huohuo ikarudishwa katika hekalu lake. Sanamu nyingine zilizorejeshwa huishia Chhauni, hasa pale ambapo hekalu la asili halijulikani au halina ulinzi wa kutosha. Kwa sanamu hizo makumbusho ni hifadhi ya lazima, na lebo zake zingefaa kutaja mahali zilipoabudiwa kabla ya kutaja karne na madini.