Mkojo Uliogeuka Kijani na Akina Mama Waliokataa Kunyamaza

Mwaka 1934 mama mmoja wa Norway, Borgny Egeland, alimwendea Dkt. Asbjørn Følling jijini Oslo. Watoto wake wawili walizaliwa wazima, kisha akili zao zikadumaa. Binti alisema maneno machache tu. Mdogo wake wa kiume hakutembea wala kusema. Mama alikuwa amezunguka kwa madaktari wengi akiwaeleza pia kuhusu harufu ya ajabu iliyowaganda wanawe, na hakupata jibu.

Følling alikuwa amesomea kemia kabla ya udaktari. Alipowapima watoto hakuona cha kushika, akaomba mkojo wao na kuudondoshea kloridi ya chuma, kipimo cha kawaida cha siku zile. Mkojo ukageuka kijani, rangi ambayo hakuwahi kuiona katika kipimo hicho. Alimwomba mama awaachishe watoto dawa zote kwa wiki moja, kisha alete mkojo mwingine. Kijani kikarudi vilevile. Mama akaendelea kubeba chupa, na baada ya lita zipatazo 22 Følling akaitambua kemikali yenyewe: asidi ya fenilpiruvi. Akapima wagonjwa 430 wenye ulemavu wa akili, akapata wengine wanane. Baadhi yao walikuwa ndugu wa tumbo moja, akatambua kwamba ugonjwa huu ni wa kurithi.

Leo unaitwa fenilketonuria, kwa kifupi PKU. Katika protini za maziwa, nyama, mayai na maharage mna asidi amino iitwayo fenilalanini. Ini lenye afya lina kimeng'enya cha kuibadilisha ili mwili uitumie. Mtoto aliyerithi jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama pia hukosa uwezo huo. Fenilalanini hujaa katika damu na kuudhuru ubongo unaokua, na nyingine hutoka katika mkojo kama ile asidi ya fenilpiruvi. Wazazi wenyewe huwa wazima kabisa. Ni muhimu hili lisemwe wazi, kwa sababu mama wa mtoto mlemavu hulaumiwa kwa mengi, na hapa hakuna alilokosea.

Kwa watoto wa Egeland ujuzi huu haukuleta tiba. Iliwabidi wagonjwa wasubiri hadi mwaka 1951, huko Birmingham, Uingereza. Mama mwingine alikuwa akimfuata Dkt. Horst Bickel kila asubuhi, akimwuliza lini atamsaidia binti yake. Bickel na wenzake, Evelyn Hickmans na John Gerrard, walitengeneza chakula cha protini iliyoondolewa fenilalanini. Baada ya miezi michache mtoto aliyekuwa akilia na kujigonga kichwa alianza kutambaa. Ili kuthibitisha, watafiti walirudisha fenilalanini katika chakula chake bila kumwambia mama, na mtoto akaporomoka upesi. Ushahidi ulikuwa mzito, lakini mama aliyepigania tiba ile alistahili kuambiwa. Leo kamati ya maadili isingeruhusu jambo hilo, na ni haki isiruhusu.

Likabaki suala la muda. Chakula hicho huokoa akili kikianza katika wiki za mwanzo za maisha, wakati mtoto bado anaonekana mzima. Robert Guthrie wa Buffalo, Marekani, mtafiti wa saratani aliyekuwa na mwana mwenye ulemavu wa akili na mpwa mwenye PKU, ndiye aliyepata njia ya kuutambua ugonjwa mapema: tone la damu ya kisigino likaushwe kwenye karatasi, kisha lipimwe kwa bakteria ambao hustawi pale fenilalanini inapozidi. Katika majaribio makubwa walipimwa watoto zaidi ya 400,000, na 39 wakagunduliwa. Mwaka 1963 jimbo la Massachusetts likapitisha sheria ya kuwapima watoto wachanga. Damu iliyokaushwa kwenye karatasi imetufikia hata sisi: katika kliniki za Kenya na Tanzania hutumika kupima VVU kwa watoto wachanga wa mama wenye maambukizi.

Wasichana waliookolewa na PKU walikua, wengi wakiwa wameachishwa chakula maalumu utotoni kwa kudhani hatari imepita. Walipopata mimba, fenilalanini iliyojaa katika damu yao iliwadhuru watoto tumboni, hata wale ambao hawakurithi ugonjwa. Ndiyo maana leo madaktari hushauri chakula hicho kifuatwe maisha yote, na kwa mwanamke, kidhibitiwe kikamilifu kabla hajashika mimba.