Miaka 53 bila Ruete

Mwaka 1703 mjini Osaka, Japani, karani wa duka la mchuzi wa soya, Tokubei, na Ohatsu, mwanamke wa danguro, walijiua pamoja katika msitu wa Sonezaki. Muda si muda Chikamatsu Monzaemon akawatungia mchezo wa wanasesere, watu wakafurika. Waliowaiga wakawa wengi, hata serikali ikapiga marufuku michezo ya aina hiyo miaka ya 1720.

Zanzibar nayo ina wapenzi wake. Ila mmoja alibaki hai, na uchungu wote umelala hapo.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, kuandika, hapana. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimponza mapema: mwaka 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao, Sultani Majid, Salme ndiye aliyemwandikia barua.

Baadaye, Mji Mkongwe, akapakana nyumba na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Wakasemezana juu ya mapaa, wakapendana, akashika mimba. Kubaki kukawa hatari. Agosti 1866, usiku wa Mwaka, sikukuu ya mwaka mpya wa Waswahili, wanawake walipoteremka pwani kuoga, naye aliteremka, akapanda manowari ya Waingereza, Highflyer, hadi Aden. Akajifungua huko. Ruete alimfuata, na Mei 1867 Salme akabatizwa Emily, wakaoana. Mtoto wao alifia safarini kabla ya kufika Hamburg.

Agosti 1870 Ruete aligongwa na tramu ya farasi, akafa. Mjane alikuwa na miaka 25 na watoto watatu, wa mwisho bado mchanga. Jukwaani pazia lingefungwa hapo.

Ndugu zake walimnyima urithi. Mwaka 1885 Bismarck, kansela wa Ujerumani, alimpeleka Zanzibar pamoja na manowari za kumshinikiza Barghash, ambaye sasa ndiye sultani. Barghash, yule yule wa zile barua, alikataa hata kumwona. Wajerumani walipata bara. Salme hakupata kitu.

Kumbukumbu zake alizichapisha mwaka 1886, na humo penzi lenyewe amelipitia haraka mno. Kilio cha ujane alikimwaga katika maandishi mengine, kama barua kwa rafiki aliyeko Zanzibar. Hayo yalichapishwa miaka mingi baada ya yeye kufariki Jena, mwaka 1924.