Pumu Baada ya Kupandikizwa Mapafu: Kueleza Maradhi ni Amana

Mwaka 1993 madaktari wa Newcastle, Uingereza, walieleza kwamba wagonjwa wawili wasio na pumu walipandikizwa mapafu ya watu wenye pumu, nao wakaipata. Wenye pumu wawili waliopewa mapafu yasiyo na maradhi hayo haikuwarudia.

Mwaka 1988, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah liliruhusu kiungo cha maiti kuokoa uhai, kwa idhini yake alipokuwa hai au ya warithi wake. Tunaona warithi wayaeleze maradhi ya marehemu. Hiyo ni amana.

Ndugu aliyepandikizwa ng'ambo akarejea Kilosa au Mikumi, akibanwa kifua asitosheke na dawa ya kuvuta. Huenda mwili unalikataa pafu, awahi hospitali. Wallaahu a'lam.