Njia ya Pili na Orodha ya Mlangoni

Mei 2024 intaneti ilizorota Afrika Mashariki. Kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Tanzania iliumia sana. Kenya nako mambo yalikwenda polepole, lakini hayakuzima kabisa, maana kuna kebo nyingine, kama ile ya TEAMS inayotoka Fujairah hadi Mombasa. Ukiwa na njia moja tu, ikikatika umekwisha.

Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1964, Marekani na Wasovieti wakiogopana kwa mabomu ya nyuklia, Paul Baran wa taasisi ya RAND alichapisha mpango wa mtandao usio na kituo kikuu. Ujumbe ukatwe vipande, kila kipande kitafute njia. Hii ikipigwa, kipite ile. Kazi hiyo ya kutafuta njia leo inafanywa na ruta.

Ndani ya jengo kulikuwa na shida nyingine. Mwaka 1973, Robert Metcalfe na David Boggs walianza kuunda Etheneti huko Xerox, ili kompyuta za ofisi moja ziongee kwa waya mmoja. Baadaye nyaya ziliunganishwa kwa visanduku vilivyoitwa madaraja, ndio mababu wa swichi. Daraja lilisikiliza nani yuko upande gani, na ujumbe wa watu wa upande mmoja halikuuvusha bure. Huo tayari ulikuwa mchujo.

Sasa funga nyaya mbili kati ya madaraja mawili, ili mmoja ukikatika mwingine ubaki. Wazo zuri, au siyo? Kumbe ni balaa. Ujumbe unaopita kwenye ruta hubeba hesabu ya hatua, ikiisha, unatupwa. Etheneti haina hesabu hiyo. Tangazo la kwenda kwa wote linazunguka bila kuchoka, lingine linaingia, nalo linazunguka, mpaka mtandao mzima unakwama.

Aliyetatua ni Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1985. Madaraja yanachagua moja liwe shina, mengine yanashika njia fupi ya kulifikia. Waya unaobaki unafungwa, unakaa macho tu. Ule wa kazi ukikatika, wa akiba unafunguliwa. Mwanzoni ilichukua sekunde 30 hadi 50. Toleo la 2001 likashusha hadi sekunde chache.

Kwa hiyo njia ya pili si waya tu. Ni makubaliano ya nani apitishe na nani asubiri.

Mchujo nao ulikua. Miaka ya 1990 swichi zilianza kufanya kazi za ruta, na fundi akaweza kuziandikia orodha: huyu apite, yule azuiwe. Orodha inasomwa kutoka juu kwenda chini, na sharti la kwanza linalokuhusu ndilo linaamua. Kwenye swichi nyingi, mwishoni kuna sharti lisiloonekana: asiyetajwa hapiti.

Sisi wa kambini hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Tumesimama foleni ngapi tukaambiwa jina halipo?

Sisemi mchujo ni mbaya. Bila huo, ripoti ya kliniki itabanwa na video za mpira. Ila njia, mashine zinachaguana kwa kanuni iliyochapishwa, yeyote anaweza kuisoma. Orodha imeandikwa na mtu, pengine yuko mbali, pengine mkataba wake uliisha zamani. Mwanafunzi anaona somo halifunguki, anasema mtandao mbovu. Kumbe mtandao mzima, ila somo lake halikutajwa.

Ndugu zetu wa mashirika, mkileta swichi, leteni na orodha yake kwa Kiswahili, ibandikwe ukutani kama ratiba ya mgao. Nasi tuzoee kuuliza mawili: njia ya pili iko wapi, na orodha ameandika nani?